Kadi ya MB 250 Katikati ya Bahari: Tathmini ya Intaneti Tunayouziwa Mabaharia

Kadi moja ni dola 10, na ndani yake mna MB 250. Unaichukua kwa kapteni, unatia saini kwenye daftari, unakwangua, unapata jina na nywila, na kuanzia hapo unaweza kuongea na nyumbani ukiwa katikati ya Bahari Hindi. Hiyo ndiyo huduma ninayoitathmini hapa, pamoja na ile niliyoikuta katika meli niliyomo sasa. Mimi ni oila, kazi yangu ni chini kwenye mashine, na kwetu ni Mtongwe. Kampuni za meli na waliotuuzia kadi sizitaji, maana mikataba bado naitafuta kwenye ofisi hizohizo. Bei na utaratibu nimeuandika kama ulivyo.

Naandika kwa vijana wanaotoka Bandari Maritime Academy na vyuo vingine, cheti kikiwa bado kipya mkononi. Naandika pia kwa wake zetu na wazee wetu ambao baharia akinyamaza siku nne huanza kuwaza mengine. Mara nyingi mtu huyo yuko kwenye kabini anapiga hesabu ya MB zilizobaki na siku zilizobaki kufika bandarini.

Nianze na meli ya kadi. Ilikuwa meli ya shehena kichele: makaa, ngano, mara nyingine mbolea. Juu ya briji, yaani chumba cha kuongozea meli, palikuwa na kuba jeupe, na ndani ya kuba dishi linalojigeuza lenyewe ili liendelee kuitazama setilaiti hata meli ikilala upande. Setilaiti yenyewe iko juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka usawa wa bahari, inazunguka sambamba na dunia na kwa hiyo huonekana imesimama mahali pamoja. Uzuri wake ni kwamba moja tu hufunika sehemu kubwa ya bahari. Ubaya wake ni umbali. Swali linapanda hadi kule na kushuka kwenye kituo cha nchi kavu, jibu linapanda tena na kushuka tena, na safari nzima hupita nusu sekunde. Mke wangu alikuwa akiuliza jambo, akaona kimya, akauliza tena, na jibu langu la kwanza likagongana na swali lake la pili. "Yakatika, baba, yakatika!" Haikuwa imekatika, ilikuwa njiani. Mwisho tukakubaliana tuwe tunatumiana sauti zilizorekodiwa, kila mtu amalize maneno yake.

Nafasi kwenye setilaiti za aina hiyo ni ghali kweli, na kuba lile pamoja na mota zake si kifaa cha dukani. Kampuni ya meli hukodi kasi fulani kwa mwezi, kisha meli nzima inagawana: barua pepe za ofisi, taarifa za hali ya hewa, marekebisho ya ramani, na mwisho kabisa sisi. Fungu letu, watu wote wa messi mbili (vyumba vyetu vya kulia na kupumzika), lilikuwa kilobiti 512 kwa sekunde. Kwa hiyo sikutarajia bei ya Likoni nikiwa kusini mwa Madagaska. Wazee waliotutangulia walinunua dakika za simu ya setilaiti wakazimaliza kwa kuulizana hali tu, na ukilinganisha na hapo, MB 250 ni nyingi. Nilipima kwa kutazama salio kabla na baada. Dakika moja ya sauti iliyorekodiwa WhatsApp ilikula chini ya robo MB. Simu ya sauti ilikula karibu MB 1 kwa dakika, ikapungua nilipowasha ule mpangilio wa kutumia data kidogo kwenye simu. Kuonana uso kulikula MB 4 hadi 5 kwa dakika, tena kwa picha inayogandaganda. Mtu akijua anachofanya, kadi ya dola 10 inampa saa nne hivi za mazungumzo ya sauti na nyumbani. Ningeilipa bila kunung'unika.

Ninachokataa ni namna ya kuhesabu.

Chombo kinachohesabu kiko melini, kwenye kabati la mitambo ya mawasiliano, na kinahesabu kila kinachopita kuelekea kwenye simu yako, kiwe kimefika kizima au nusu. Tuseme unapakua fomu ya shule ya mtoto yenye MB 6. Imefika MB 5, meli inageuza mwelekeo, dohani inaingia kati ya kuba na setilaiti, mawasiliano yanakufa. Yakirudi, simu inaanza kupakua upya tangu mwanzo. Umelipia MB 11 kwa fomu ya MB 6, na hukufanya lolote baya. Bandarini ni hivyohivyo, krini zikisimama upande wa setilaiti. Fundi umeme wetu, aliyekuwa ndiye msimamizi wa mtandao, alijua kutoka kwenye mwelekeo wa meli ni saa ngapi kuba litazibwa. Habari hiyo ingebandikwa messi ingetuokolea pesa nyingi. Hakuna aliyemtaka aibandike.

Halafu kuna kutoka. Ukimaliza shughuli zako ni lazima urudi kwenye ukurasa wa kuingilia ubonyeze kitufe cha kutoka. Ukiizima skrini tu na kuitia simu mfukoni, hesabu inaendelea. Mawasiliano yakikatika kabla hujabonyeza, mfumo unakuona bado umo ndani, na ukijaribu kuingia tena unaambiwa jina hili linatumika tayari. Unangoja. Na kila ukiingia, hesabu huanzia MB 1 nzima hata kama umetuma "nimefika salama" peke yake. Mtu anayeingia mara tano kwa siku kuangalia kama mgonjwa ameamka, amekwisha lipia MB 5 kwa meseji ambazo zote pamoja hazifiki hata sehemu ya kumi ya hiyo.

Kadeti wetu, kijana wa Lamu katika safari yake ya kwanza, aliingia jioni moja akamtumia mamake ujumbe, akalala. Usiku simu ikafanya kile ambacho simu za siku hizi hufanya zikiona Wi-Fi: ikasasisha programu, ikapandisha picha zake kwenye hifadhi ya Google, WhatsApp nayo ikaweka nakala ya mazungumzo yote. Simu haijui kwamba Wi-Fi ile inatoka angani kwa bei ya dhahabu. Kwake Wi-Fi ni Wi-Fi, haina kipimo. Alipoamka kwenda zamu ya alfajiri kadi ilikuwa tupu. Posho ya kadeti ni ndogo sana, na kijana yule alikaa wiki nzima bila kununua nyingine. Niliumia kwa sababu ukurasa ule wa kuingilia haukuwa na mstari mmoja wa onyo. Haukuonyesha salio likipungua. Salio ulikuwa unaliona ukishatoka tu. Kituo cha petroli kisichokuonyesha mita wakati mafuta yanaingia kingefungiwa siku hiyohiyo, lakini data tunauziwa gizani.

Piga hesabu ya GB moja. Ni kadi nne, dola 40. Kwa shilingi 129 kwa dola, hiyo ni shilingi 5,160 za Kenya. Mwaka 2024 Starlink, kampuni ya intaneti ya setilaiti, ilikuwa Kenya na kifurushi cha GB 50 kwa shilingi 1,300 kwa mwezi, yaani shilingi 26 kwa GB. Najua si setilaiti zilezile, najua bahari si nchi kavu. Lakini mara mia mbili! Na kadi ile muda wake ulikuwa siku 30 tangu uikwangue. Ukishuka meli mkataba ukiisha, MB zilizobaki zinakufa, hazirudishwi wala huwezi kumwachia mwenzako.

Tena kadi hazilipwi taslimu. Zinaandikwa kwenye akaunti yako pamoja na sabuni, soda na sigara za duka la kapteni, kisha mwisho wa mwezi zinakatwa kwenye mshahara. Mkataba wa Kimataifa wa Kazi za Baharini wa 2006, ule tunaouita MLC na ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, unataka kila baharia apewe hesabu ya kila mwezi ya anachodai na alicholipwa. Hesabu nilipewa. Ilikuwa na mstari mmoja tu wa vitu vya dukani, jumla. Ili kujua intaneti imenigharimu ngapi ilinibidi niwe na daftari langu, na mwezi ambao mama alilazwa, intaneti peke yake ilipita dola 80. Kwa mshahara wa oila hiyo ni pesa ya kutikisa nyumba.

Jambo hili limekuwa zito zaidi tangu mwisho wa 2023. Mashambulizi ya Wahouthi wa Yemen kwenye Bahari ya Shamu yalizifanya meli nyingi ziache mfereji wa Suez zizunguke Rasi ya Tumaini Jema, na safari ya Asia hadi Ulaya ikaongezeka siku kumi, hata wiki mbili. Ukipita Suez unaokota mtandao wa Misri kutwa nzima kwa laini ya bei nafuu, unaongea na kila mtu, unatuma pesa, unamaliza. Ukizunguka Rasi hakuna mnara. Ni wewe na kuba.

Sasa niingie kwenye meli niliyomo. Ni meli ya makontena, na juu ya briji kuna visahani viwili bapa vya Starlink, karibu na kuba la zamani ambalo limebaki kama akiba. Setilaiti hizi ziko chini, kama kilomita 550, na ni maelfu. Moja ikizama upande mmoja nyingine imeshachomoza upande wa pili. Ule ucheleweshaji wa nusu sekunde haupo. Siku ya kwanza niliyopiga simu nyumbani, binti yangu aliuliza kama tumetia nanga Kilindini.

Utaratibu wa kulipa ni huu. Kila mtu, kuanzia kapteni hadi msaidizi wa mpishi, anapata GB 10 za bure kwa mwezi. Ukizimaliza unaweza kununua GB 5 kwa dola 10. Ukurasa wa kuingilia unakuonyesha salio muda wote, na unakuonyesha pia siku ipi ulitumia kiasi gani. Ukifika sifuri hukatwi: kasi inashushwa kiasi kwamba video na picha hazipiti, lakini maandishi yanapita. Hili ndilo lililonifanya niandike tathmini hii. Yaani mtu aliyebuni utaratibu huu alikaa akafikiri kuhusu baharia ambaye ameishiwa tarehe 24, na ambaye mkewe anaweza kujifungua tarehe 25. Hakumkatia. Na hakumwachia deni limjie bila habari, kwa sababu hakuna MB inayouzwa mpaka uithibitishe mwenyewe.

Kasoro zipo. Saa za jioni, kazi za mchana zikiisha na messi ikijaa, kasi inashuka vibaya, kwa sababu watu 22 wote wanafungua video kwa mpigo. GB zisizotumika hufutwa tarehe mosi, na hizo ni pamoja na zile ulizonunua kwa pesa yako. Ukinunua GB 5 tarehe 29 umechoma dola zako. Na kwenye maji ya China visahani huzimwa, maana sheria za huko haziruhusu, tunarudi kwenye lile kuba la zamani ambako wafanyakazi hawana fungu. Tukikaa nangani huko siku tisa, siku hizo zimekatwa kwenye mwezi wangu na GB zimelala bure. Kwa fungu la bure sina neno. Kwa nililolinunua, haki yake ni lihamie mwezi unaofuata.

Lakini kuna jambo linalonikera kuliko hayo. Rafiki yangu niliyesoma naye yuko kwenye meli ya mafuta ya kampuni nyingine, na juu ya briji yao kuna visahani hivihivi. Wao hawana cha bure, na GB 1 wanauziwa dola 15. Nilimwambia arudie, nikadhani nimesikia vibaya. Starlink ilipofungua huduma ya meli Julai 2022 ilikuwa dola 5,000 kwa mwezi na vifaa vya dola 10,000, na kwa bei hiyo ningeelewa mwenye meli akitafuta kurudisha pesa yake. Mwaka uliofuata tayari kulikuwa na fungu la GB 50 kwa dola 250. Hiyo ni dola 5 kwa GB kwa bei ya orodha, bei ya mtu yeyote mwenye boti. Kampuni yenye meli nyingi hainunui kwa bei ya orodha. Basi mtu anayemuuzia oila GB moja kwa dola 15 anapata faida kutoka kwa mtu ambaye hana duka jingine la kwenda. Setilaiti zimeshuka bei, kadi haikushuka, na tofauti inaingia mfuko wa mtu. Hili liandikwe wazi ili watu wakome kuambiwa "setilaiti ni ghali" kama jibu la kila swali.

Sheria inasemaje? Baada ya janga la Corona, mwaka 2020, ambapo mabaharia kama laki nne walikwama baharini mikataba ikiwa imekwisha, mazungumzo ya intaneti melini yalipata uzito. Mwaka 2022 MLC ilirekebishwa, na marekebisho yakaanza kutumika tarehe 23 Desemba 2024. Mawasiliano ya kijamii sasa yametajwa miongoni mwa huduma za burudani na ustawi ambazo meli inapaswa kuwa nazo. Mwongozo unaofuatana nayo unasema mwenye meli, kadiri inavyowezekana, awape mabaharia intaneti, na gharama, kama ipo, iwe ya kiasi. Nchi nazo zimeambiwa vivyo hivyo kwa meli zilizo kwenye bandari zao. Sehemu ya bei iko kwenye mwongozo, haina nguvu ya amri, na hakuna mahali palipoandikwa kiasi ni dola ngapi. Hata hivyo ukiwa na karatasi hiyo mkononi unaweza kumwuliza kapteni kwa adabu, na kapteni anaweza kuiuliza ofisi. Meli ya rafiki yangu imeuliza. Wanangoja jibu.

Nigusie wenzetu wa meli za watalii, maana Wakenya wengi wako huko kwenye jiko, usafi na vyumba, na wao wana mtego wao. Meli hizo nyingi zina mtandao wa simu wa ndani, minara midogo iliyofungwa kwenye korido, ambayo hubeba simu na data hadi nchi kavu kwa setilaiti. Simu yako ikiuona inajiunga yenyewe kama inavyojiunga na mtandao wowote wa ugenini. Lakini mtandao huo si wa nchi yoyote. Msimbo wake unaanza na 901, namba iliyotengwa kwa mitandao ya kimataifa isiyo na nchi, na vifurushi vya roaming ulivyonunua ukidhani viko sawa havifanyi kazi humo. Hata Ulaya, ambako wateja hutumia laini zao nchi hadi nchi bila nyongeza, mitandao ya setilaiti ya meli na ndege imeachwa nje ya nafuu hiyo. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2022 inachodai ni kwamba kampuni za simu zimlinde mteja asitozwe kwa kujiunga bila kujua, na zimpe njia ya kujitoa. Binamu yangu, mhudumu wa vyumba, alikuwa na laini ya Ulaya ya malipo ya baada. Ujumbe wa kumkaribisha ulifika akiwa kazini. Alipousoma, simu ilikuwa imeshapakua picha za makundi yote ya harusi na mazishi ya ukoo, na bili iliyokuja ilimaliza karibu nusu ya mshahara wake. Alibishana na kampuni hiyo kwa miezi, wakampunguzia sehemu. Meli ikiacha gati, washa hali ya ndegeni, kisha washa Wi-Fi peke yake. Mtandao wa ndani hautakuona.

Na kwa aliye kwenye meli ya kadi, kuna mambo ya kufanya kwenye simu kabla hata ya kukwangua. Kwenye Android, fungua Wi-Fi ya melini na uiwekee alama kwamba ina kipimo. Kwenye iPhone washa hali ya data kidogo kwa Wi-Fi hiyo. Hapo simu inaacha kujifanyia mambo chinichini. WhatsApp iambie isipakue picha wala video yenyewe, na zima kabisa nakala ya kila usiku. Google Play ikataze kusasisha. Makundi yale makubwa, ya mtaa, ya darasa, ya siasa, yahifadhi pembeni mpaka ufike bandarini. Kisha waambie nyumbani watume sauti, na waache kutuma video ya mtu mwingine akicheza. Kila mtu akishuka Mombasa au bandari nyingine yenye kituo cha mabaharia, kama kile cha Mission to Seafarers, afanye masasisho yote huko.

Kwa nyota: huduma ya kadi naipa mbili kati ya tano. Moja ni kwa sababu iliniunganisha na mama akiwa hospitali, na nyingine ni kwa yule fundi umeme aliyekuwa akitunong'oneza saa za dohani. Bei peke yake isingeiangusha hivyo. Imeangushwa na mita isiyoonekana, MB 1 ya kila kuingia, na salio linalokufa. Huduma ya meli niliyomo sasa naipa nne. Ya tano nitaitoa siku GB nilizonunua zitakapohamia mwezi mwingine.

Kabla ya kutia saini mkataba mwingine, siku hizi namwuliza ajenti mambo manne baada ya mshahara na muda: fungu la bure ni GB ngapi, ziada inauzwa kiasi gani, salio linaonekana wapi, na likiisha nakatwa au napunguziwa kasi. Ajenti wa mwisho niliyemwuliza, pale mjini Mombasa, hakuwa na jibu hata moja. Aliinua simu akapiga ofisi ya meli, akaandika majibu yote manne kwenye karatasi. Nilimwomba ayatume pia kwa barua pepe, akatuma nikiwa bado nimekaa mbele yake, na barua hiyo ndiyo niliyomwonyesha kapteni wa sasa mwezi wa kwanza nilipokuta nimeandikiwa kimakosa dola 10 za GB ambazo sikununua. Alizifuta siku hiyohiyo.